Gari la Kikundi Linapogonga: Tusikilize Kabla ya Kununua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vyenye gari la pamoja)



Mada ya leo huenda imewashangaza wengine. Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mikopo, vitabu vya hesabu, kuku wa mayai na matangi ya maji. Leo tunazungumza juu ya gari kuukuu linalopiga kelele chini. Sisi si mafundi wa magari. Masomo yetu yalikuwa ya kazi za jamii. Lakini kukagua vitabu vya vikundi kumetufundisha jambo moja. Kikundi kikishanunua pikapu, ukurasa wa matengenezo huleta ugomvi kuliko kurasa nyingine zote. Kwa hiyo tulienda kwa mafundi, tukainama nao chini ya magari, tukauliza maswali, hata yale ya kitoto. Tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea.

Kuna kikundi kimoja cha wauza maziwa, jina tuliache. Pikapu yao ilianza kugonga upande wa mbele, ko-ko-ko, kila ilipopita barabara ya murram. Fundi alisimama kando, akasikiliza gari likipita, akasema, "Hizo ni shoki." Mweka hazina akatoa pesa, shoki mbili mpya zikafungwa. Kesho yake, ko-ko-ko. Fundi akasema basi ni springi. Pesa zikatoka tena. Ko-ko-ko. Wiki ya tatu wanachama wakaanza kunong'ona: ati mama amekula pesa, ati vitu alivyoleta ni vya uongo. Risiti zote zilikuwapo, lakini risiti hainyamazishi gari. Mwishowe fundi mwingine alilala chini, akashika kile chuma kifupi kinachounganisha mkono wa gurudumu na stabilaiza, akakitikisa kwa vidole viwili. Ko-ko-ko. Raba zake zilikuwa zimekwisha. Kifaa hicho kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote walivyonunua. Gari likanyamaza siku hiyo hiyo. Lakini mama yule alikuwa ameshaacha kazi ya uweka hazina, na hakurudi tena.

Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Neno letu la leo ni fupi: kisinunuliwe kifaa chochote mpaka mwanakikundi ameona kwa macho yake kile kinachocheza.

NI NINI KILICHO CHINI?

Hebu fikirini mkokoteni wa punda. Gurudumu limefungwa kwenye mti, mti umefungwa kwenye mbao. Likiingia shimoni, mzigo wote unaruka. Gari si hivyo. Kati ya gurudumu na bodi kuna vitu vinne vya kukumbuka.

Kwanza ni springi. Hizi ndizo zinazobeba uzito. Kwenye pikapu nyingi za zamani, kama Peugeot 504 na Toyota Hilux, springi za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli kwa yu-bolti. Za mbele kwa 504 ni za kuzunguka kama nyoka aliyejiviringisha.

Pili ni shokabsoba, ambayo wengi tunaiita shoki. Watu hudhani shoki ndiyo inayobeba mzigo. Sivyo. Kazi yake ni kutuliza springi ili gari lisiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ndani yake mna mafuta yanayopita kwenye matundu madogo. Mafuta yakivuja, shoki imekufa.

Tatu ni bushi. Ni raba zinazokaa kati ya chuma na chuma, ili visigongane. Raba huzeeka kwa joto, kwa mafuta na kwa miaka tu.

Nne ni boljointi. Ni mpira wa chuma ndani ya kikombe cha chuma, kama nyonga ya mtu. Ndiyo inayoliwezesha gurudumu la mbele kupanda, kushuka na kukata kona. Mpira huo ukilegea mno hutoka ndani ya kikombe, na gurudumu hulala. Hapo hatuzungumzi tena juu ya kelele.

Na tusidhani kugonga ni aibu ya gari bovu. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na magari ya jina hilo yalishinda Safari Rally ya hapa kwetu mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Lakini hata magari ya mashindano yalikuwa na mafundi wakiyasubiri njiani. Raba ni raba. Barabara zetu huzila.

MASWALI MATATU YA DEREVA

Mgonjwa akifika zahanati haulizwi kwanza kama ana pesa za sindano. Anaulizwa anaumwa wapi, tangu lini, na maumivu huja wakati gani. Dereva naye aulizwe hivyo hivyo, na katibu aandike.

Swali la kwanza: sauti inatoka wapi? Mbele au nyuma, kushoto au kulia? Mwanachama mmoja atembee kando ya gari likienda polepole kwenye mashimo madogo. Mwingine akae nyuma akiwa ameshika vizuri. Tusiendeshe kwa kasi. Kelele nyingi za chini husikika zaidi gari likienda polepole.

Swali la pili: inakuja wakati gani? Kwenye mashimo? Kwenye tuta? Ukifunga breki? Ukikata kona? Gari likiwa tupu au lenye mzigo?

Swali la tatu: ni sauti ya namna gani? Msione haya kuigiza. Kuna tofauti kubwa kati ya "ko-ko-ko" na "kwii", na kati ya "du!" moja na "uuuuu" isiyokatika.

SAUTI NA MAANA ZAKE

Ko-ko-ko nyepesi kwenye vishimo vidogo: mara nyingi ni raba za stabilaiza au vile vyuma vyake vifupi, au bolti ya shoki iliyolegea juu au chini.

Kwii-kwii gari likipanda na kushuka: ni bushi iliyokauka, au vyuma vya springi za nyuma vinavyosuguana. Hapa kuna jaribio lisilo na gharama. Mwagia maji sehemu moja, kisha tikisa gari. Sauti ikipotea kwa muda, umepata mahali penyewe. Ikibaki, mwagia sehemu inayofuata.

Du! moja ukifunga breki au ukiondoa gari: huenda bushi za mikono ya mbele zimekwisha, au yu-bolti za nyuma zimelegea. Lakini pikapu ikipiga "du" unapoachilia klachi tu, angalieni pia krosi za propela, ambazo si za springi.

Krr au tang' ukizungusha usukani gari likiwa limesimama: inaweza kuwa maunting'i ya juu ya shoki ya mbele, au boljointi. Fungua boneti, mmoja azungushe usukani, mwingine aweke mkono pale juu shoki inapofungwa. Mkono utasikia kabla ya sikio.

Du-du nzito kwenye kila shimo kubwa: shoki imekufa na gari linafika mwisho wa springi zake, au kile kipande cha raba cha kuzuia chuma kugonga chuma kimekwisha.

Uuuuu inayopanda pamoja na mwendo: hiyo si springi wala shoki. Mara nyingi ni beringi ya gurudumu au tairi lililoliwa vibaya. Sauti ikibadilika ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia, shukuni beringi.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Haya yote yanaweza kufanywa na dereva na wanachama wawili, asubuhi moja, bila kutoa shilingi.

Anzeni na nati za magurudumu. Kazeni zote. Nati zilizolegea hugonga kama kitu kingine chochote, na gurudumu likitoka njiani hakuna wa kuulizwa ila sisi wenyewe.

Halafu toeni kila kitu kilichomo nyuma: jeki, spana, mitungi ya maziwa, minyororo, gurudumu la akiba. Tazameni ekzosi kama inagusa bodi. Endesheni tena. Mtashangaa ni mara ngapi fundi amelipwa kwa sababu ya jeki iliyokuwa ikicheza chini ya kiti.

Simamisheni gari mahali tambarare, bila mzigo. Pimeni kwa kamba kutoka chini hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu. Upande mmoja ukiwa chini sana kuliko mwenzake, springi imelegea au imevunjika. Pangusa vyuma vya springi za nyuma kwa kitambaa, vumbi litoke. Ufa mwembamba hujificha chini ya matope. Angalieni pia kama vyuma vyote vimekaa sawa. Kimoja kikiwa kimesogea mbele au nyuma, ile bolti ya katikati huenda imekatika.

Kisha sukumeni kona moja ya gari chini kwa nguvu mara tatu, na mwachilie. Gari zima hupanda na kutulia. Likiendelea kucheza kama mtoto kwenye bembea, shoki ya kona hiyo ni dhaifu. Tazameni mwili wa shoki: ukiwa na mafuta mabichi yaliyoshika vumbi, imevuja. Lakini angalieni sana. Shoki inaweza kufaulu jaribio hili na bado bushi zake za kufungia ziwe zimekwisha na zinagonga.

Sasa inueni gurudumu la mbele. Hapa tunawaomba, tena tunawasihi: mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Chagueni ardhi ngumu, wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na gogo imara au stendi ya chuma chini ya fremu. Mawe ya kujengea na matofali msiyategemee kubeba gari, hupasuka ghafla.

Shikeni gurudumu juu na chini, mmoja asukume na kuvuta. Likicheza, mwenzenu akanyage breki, mjaribu tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi au bushi za mikono. Halafu shikeni kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazameni tairodi na usukani, pamoja na beringi tena. Mwisho, chukueni mtaimbo mfupi, muusukume polepole kati ya chuma na chuma pale penye bushi. Raba nzima husogea kidogo na kurudi. Iliyokwisha huacha chuma kigonge, na mara nyingi utaiona imepasuka.

Jambo moja la kukumbusha fundi: kama springi ya mbele inakaa juu ya mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo, karibu na gurudumu. Vinginevyo springi hukaza boljointi, nayo huonekana nzima kumbe imekwisha. Kwa gari kama 504, ambalo springi yake ya mbele imezunguka shoki, gurudumu liachwe lining'inie.

NYEKUNDU, MANJANO, KIJANI

Pesa za kikundi hazitoshi kufanya yote kwa siku moja. Kwa hiyo tugawe kelele katika mafungu matatu.

Nyekundu: gari lisimame leo. Hapa ni boljointi inayocheza, tairodi iliyolegea, springi kuu iliyovunjika, bolti ya katikati iliyokatika, beringi iliyolegea sana. Hata kama maziwa yapo barabarani na mnunuzi anangoja, kodisheni gari lingine. Maziwa yakiharibika tutakamua tena kesho.

Manjano: itengenezwe mara pesa zikipatikana, bila kusubiri mwaka. Hapa ni bushi zilizopasuka, raba za stabilaiza, shoki zilizovuja. Kumbukeni kwamba shoki mbovu huliacha gurudumu liruke, na gurudumu lililo hewani halifungi breki. Mpaka zitengenezwe, dereva apunguze mwendo na mzigo.

Kijani: inakera lakini inangoja. Hapa ni mlio wa springi zilizokauka na bushi kavu ambayo bado nzima. Lakini msipake mafuta ya injini wala grisi ya kawaida kwenye raba. Gari litanyamaza wiki mbili, na raba itavimba na kuoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umeupanua mwenyewe kwa mkono wako.

FUNDI AKIANZA KAZI

Wako mafundi hodari wa jua kali, na kikundi kikimpata mmoja kimshike vizuri. Lakini msimamizi wa gari ajue mambo matano ya kuangalia.

La kwanza: shoki na springi hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia kwa ekseli moja. Moja mpya na moja kuukuu hufanya gari livute upande.

La pili, na hili wengi hulisahau: bolti za bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, likibeba uzito wake. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, raba hubaki imejikunja siku zote, na baada ya muda mfupi hupasuka. Ndipo mtu husema, "Bushi za siku hizi ni bandia." Wakati mwingine ni bandia kweli. Wakati mwingine ziliuawa siku ya kufungwa.

La tatu: yu-bolti zikifunguliwa, wekeni mpya, na mzikaze tena baada ya siku chache za safari. Springi hukaa, nati hulegea.

La nne: bushi zilizokatwa kutoka tairi kuukuu zinaweza kuwafikisha nyumbani, lakini hazina kipimo. Boljointi na tairodi zilizotumika msinunue kabisa, hata kwa bei ya kutupa. Na baada ya kugusa mikono ya mbele, boljointi au tairodi, pelekeni gari likapimwe magurudumu. La sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja.

La tano: gari likilemewa, fundi atawashauri kuongeza chuma kwenye springi za nyuma. Fikirini kwanza. Chuma hicho huinua bodi tu. Hakiongezi nguvu ya ekseli, wala ya breki, wala ya tairi. Safari mbili zenye mzigo wa haki ni rahisi kuliko safari moja inayovunja gari.

Na pale penye chuchu za grisi, pikapu ipigwe grisi kila inapobadilishwa mafuta. Fundi apige mpaka grisi mbichi itokeze na ile nyeusi ya zamani isukumwe nje.

GARI LA WENGI, DAFTARI LA WENGI

Sasa turudi kwenye kazi yetu sisi, ya watu. Gari la mtu mmoja likigonga, mwenyewe huamua. Gari la watu thelathini likigonga, kila mmoja ana fundi wake moyoni. Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu huu.

Dereva awe na daftari ndani ya gari. Aandike tarehe, sauti aliyosikia, ilitoka wapi na wakati gani. Asiadhibiwe kwa kuandika. Dereva anayeogopa kulaumiwa huficha kelele mpaka gari lilale njiani.

Wanachama wawili, na tunasema mmoja wao awe mama, wafuatane na gari kwa fundi. Fundi awaonyeshe kifaa kinachocheza, na wao wakishike. Kama fundi hawezi kuonyesha, bado hajajua, na kama hajajua, pesa zikae sandukuni. Si kumdharau fundi. Fundi mzuri hufurahi mteja akitazama.

Halafu uamuzi uandikwe: kifaa gani, rangi gani, nyekundu, manjano au kijani, na kiasi gani kimepitishwa.

Mwisho, kifaa kilichotolewa kirudi mkutanoni pamoja na risiti. Kiwekwe mezani. Kila mwanachama akichukue, akitikise, aione ile raba iliyopasuka. Hapo hata bibi yetu asiyejua kusoma risiti ataisoma hesabu ya mwezi huo kwa mikono yake, na mweka hazina atalala usingizi.

Kazi ya nyumbani basi. Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi chenye gari kifanye yale majaribio ya asubuhi moja: nati, mzigo, kamba, kusukuma kona, gurudumu juu na chini. Katibu aje na ukurasa mmoja wenye rangi tatu. Tutaziangalia pamoja, na vikundi vyenye nyekundu tutavishughulikia kwanza.

 Maswali sasa, na madereva waanze.